Je, ni kweli kwamba jua huondoa dawa ya magugu kwenye maji ya majaruba?

Jaruba la Chini (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninalima mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya ukanda wa chini wa Moshi, kwenye majaruba yanayopokea maji ya mto kwa zamu na kuyatoa upande wa pili kupitia mfereji wa kutolea maji. Wiki tatu hivi baada ya kupandikiza, ndago na magugu ya majani mapana yanapokuwa yameshachachamaa, hupunguza maji mpaka majani ya magugu yabaki wazi, hupulizia dawa ya 2,4-D kwa bomba la mgongoni, kisha siku ya pili au ya tatu hurudisha maji jarubani. Shida yangu inaanzia hapo.

Jirani yangu wa upande wa chini ana bustani ya nyanya anayoimwagilia kwa maji ya mfereji huo huo. Msimu uliopita nilifungulia maji siku ya nne tangu kuyarudisha, na baada ya siku chache majani ya nyanya zake yakajikunja kuelekea chini, vikonyo vikajipinda, na machipukizi ya juu yakawa membamba kama nyuzi. Aling'oa mche mmoja akaja nao mpaka mlangoni kwangu, akanipa mkononi bila kusema neno. Sikuwa na la kumjibu. Mbali na nyanya, zipo kaya zinazoteka maji ya mfereji huo kwa kufulia, na bomba la kijiji linapokauka huyatumia hata kupikia.

Wazee wa hapa wana kanuni yao: acha jua lipige siku tatu, dawa itaungua. Vijana wanaouza pembejeo nao husema hivyo hivyo. Ninaomba mwenye elimu ya jambo hili anieleze kama ni kweli jua huivunja dawa iliyo ndani ya maji, huivunja kwa njia gani, na kama siku tatu zinatosha. Sihitaji kufarijiwa, nahitaji kujua nifungulie maji lini.

Mwalimu wa Kemia

Ndugu Jaruba, nikupe pole kwanza, kwa sababu mche wa nyanya uliopewa mkononi ni mashtaka mazito kuliko barua ya mwanasheria. Sasa twende kwenye swali.

Wazee wako wamesema kweli nusu. Jua huvunja dawa nyingi za magugu, lakini haziungui, kwa maana kwamba si joto linalofanya kazi hiyo. Ukiichemsha 2,4-D jikoni hutafika mbali. Kinachofanya kazi ni mwanga wenyewe, na hasa ile sehemu yake tusiyoiona kwa macho, yaani miale ya urujuanimno. Fikiria kanga iliyosahauliwa kambani mwezi mzima: upande ulioelekea jua hupauka, na ukiikunjua unakuta ndani ya mkunjo rangi bado ni ile ile ya dukani, ingawa nguo yote ilipata joto lile lile. Rangi ya kanga ilivunjwa na mwanga ilioufyonza, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya somo zima: mwanga usiofyonzwa hauvunji kitu.

Kila molekuli huchagua mwanga wa kufyonza. Mwanga hupimwa kwa urefu wa mawimbi yake, na kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo nguvu yake ya kukata vifungo vya atomu ilivyo kubwa. Jua hutoa mawimbi mafupi sana, lakini tabaka la ozoni huyazuia kabla hayajatufikia, hivyo kinachofika kwenye jaruba lako ni mawimbi ya kuanzia takriban nanomita 290 hadi 300 kwenda juu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Sasa angalia dawa yako. 2,4-D hufyonza vizuri karibu na nanomita 283, yaani nje kidogo ya mlango ambao ozoni imeufungua, na ni mkia tu wa ufyonzaji wake unaoingia ndani ya mwanga wa jua. Matokeo yake ni kwamba katika maji safi ya maabara, chini ya taa inayoiga jua, nusu ya 2,4-D huchukua kama wiki mbili kuvunjika. Muda huo wa nusu kupotea tunauita nusu-uhai. Baada ya nusu-uhai wa pili hubaki robo, baada ya wa tatu hubaki thumuni, na kuendelea. Siku tatu kwa mwendo huo haziondoi hata robo ya kwanza.

Dawa nyingine ni tofauti kabisa. Trifluralini ina rangi ya chungwa inayoonekana kwa macho, na kitu chenye rangi ni kitu kinachofyonza mwanga unaotufikia. Ndani ya maji yenye jua huvunjika kwa saa chache tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya wakulima kuelekezwa waichanganye na udongo mara baada ya kuipulizia. Metribuzini nayo huhesabiwa kwa saa. Glaifoseti iko upande wa pili: haina rangi, haifyonzi mwanga wa jua hata kidogo, na kazi ya kuivunja imeachiwa karibu yote kwa bakteria. Kwa hiyo mtu akikuambia "jua huvunja dawa", muulize kwanza ni dawa gani.

Mzee wa Tuta

Mwalimu, nimekusoma, lakini mimi napulizia majaruba tangu mwanangu wa kwanza hajaanza shule na leo ana watoto wake. Baada ya wiki mbili au tatu magugu mapya huota pale pale, tena kwa fujo, na nikipanda maharage msimu wa pili hayapati neno. Kama dawa haiungui na jua, inakwenda wapi? Vitabu vina yake na tuta lina yake.

Fundi wa Maji

Shikamoo mzee wangu. Ulichokiona ni sahihi, ila mwizi uliyemkamata siye. Ninafanya kazi katika maabara ya kupima maji, kwa hiyo nitaongezea upande ambao Mwalimu hajaugusa.

Kwa 2,4-D, mvunjaji mkuu shambani ni bakteria wa udongo. Udongo wenye hewa huimaliza nusu yake kwa muda wa kama wiki moja, na ule uliowahi kupata dawa hiyo msimu uliotangulia huivunja upesi zaidi, kwa sababu wale bakteria wanaoweza kuila wameshazaliana. Ndiyo maana maharage yako hayadhuriki. Lakini tope lililofunikwa na maji halina oksijeni, na humo kazi hiyo hupungua sana, huweza kuchukua miezi. Tena 2,4-D ikiwa majini huwa na chaji hasi kama ilivyo chembe ya udongo wa mfinyanzi, hivyo haishikani na tope. Hubaki ikielea ndani ya maji. Parakwati ni kinyume chake: hushikwa na mfinyanzi kwa nguvu kiasi kwamba jua haliifikii tena. Kwa ufupi, 2,4-D ni dawa inayosafiri na maji, na ndiyo maana swali la jua lina uzito kwake.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wengi hawalijui. Maji ya mto si maji ya maabara. Yana rangi ya chai hafifu inayotokana na majani na mizizi iliyooza, dutu ambazo wanakemia huziita za humiki. Dutu hizo hufyonza mwanga wa jua kwa ulafi, na zikishafyonza hazitulii. Molekuli ya humiki iliyochangamshwa na mwanga huweza kuipokonya dawa elektroni moja kwa moja, au huipa oksijeni iliyo majini nguvu yake na kuigeuza kuwa oksijeni iliyochangamshwa, ambayo ni kali kuliko ile tunayovuta. Kutokana na mlolongo huo, na pia kutokana na nitreti, ile chumvi ya mbolea iliyomo majini, kupigwa na miale ya karibu na nanomita 300, huzaliwa kitu kinachoitwa radikali ya haidroksili. Hiki ni kipande cha maji kilichopungukiwa, kinachouma chochote kinachokutana nacho bila kuchagua, na maisha yake ni mafupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Kwa hiyo dawa isiyofyonza mwanga wenyewe huweza kuvunjwa na jua kwa mkono wa mwingine. Mwalimu alisema mwanga usiofyonzwa hauvunji kitu. Naongeza tu kwamba si lazima anayefyonza awe ndiye anayevunjwa.

Kabla hujafurahi, hesabu kwanza. Nachukua atrazini, dawa ya mahindi na miwa, kwa kuwa tarakimu zake zimepimwa mara nyingi. Haidroksili huipiga atrazini kwa kasi ya takriban bilioni 3 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli) kwa lita kwa sekunde, kasi ambayo ni karibu na mwisho wa uwezo wa kitu chochote kukutana na kingine ndani ya maji. Tatizo ni uchache wa haidroksili wenyewe: katika maji ya juani ukolezi wake huwa kati ya moli 10⁻¹⁷ na 10⁻¹⁵ kwa lita. Tukichukua 10⁻¹⁶, nusu-uhai wa atrazini hutoka kama sekunde milioni 2.3 za jua. Kwa siku zetu za saa 12 za mwanga hiyo ni kama siku 53, tukijifanya kwamba jua la saa 1 asubuhi lina nguvu sawa na la saa 6 mchana, jambo ambalo si kweli. Na ukolezi ukishuka hadi 10⁻¹⁷, siku hizo zinazidishwa kwa kumi.

Humiki nayo ina sura mbili. Inazalisha hao wavunjaji, lakini pia inajipanga juu kama mwavuli na kuizuia miale kufika chini, na haidroksili nyingi huishia kuiuma humiki yenyewe badala ya dawa. Katika maji ya kahawia iliyokolea, miale mikali ya urujuanimno huisha ndani ya sentimita chache tu kutoka juu. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40. Kazi yote hii hufanyika kwenye utando wa juu tu, na chini ya zulia la magugu maji haifanyiki kabisa, hata jua liwake vipi.

Hapo jaruba linapata nafuu. Kina chake ni sentimita tano hadi kumi, hivyo mwanga unaweza kufika mpaka chini, alimradi maji yametulia na tope limetua. Lakini, Ndugu Jaruba, umesema unapulizia wiki tatu baada ya kupandikiza. Mpunga wa wakati huo unaanza kutoa machipukizi na kutandaza kivuli. Ukiwa na mpunga mzuri, jua haliyaoni maji yako vizuri. Na ukiwa na mpunga mbaya, maji yanapata jua zuri. Sijui nikutakie lipi.

Swali langu kwako: nyanya za jirani zilidhurika zote, au zile za upande mmoja tu? Kama ni upande unakotoka upepo, shaka yangu ingekuwa juu ya mvuke na vitone vya dawa vilivyopeperushwa, hasa ikiwa 2,4-D uliyonunua ni ile ya esta, ambayo hupanda hewani kuliko ile ya chumvi ya amini. Soma lebo ya chupa.

Jaruba la Chini

Fundi, ahsante. Nimekwenda kuitafuta chupa jioni hii nikaikuta kwenye banda la mbuzi; lebo inasema chumvi ya amini. Upepo wetu hutoka upande wa bustani kuja kwangu. Na zilizodhurika ni mistari miwili iliyo kando ya mfereji mdogo wa kumwagilia. Mistari ya katikati, ambayo jirani aliimwagilia kwa ndoo kutoka kisimani, ilisalimika. Nadhani hapo sina pa kujificha.

Nina swali jingine. Mke wangu amejifunza kituo cha afya kuweka maji kwenye chupa za plastiki juu ya bati toka asubuhi mpaka jioni ili vijidudu vife. Je, njia hiyo haiwezi kuvunja dawa pia kwa zile kaya zinazoteka mferejini?

Mwalimu wa Kemia

Mwambie shemeji aendelee na chupa zake, kwa maana kwa vijidudu njia hiyo inafanya kazi. Ilianza kuandikwa na Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Beirut mwaka 1980, na jaribio lililofanywa Kenya kwa watoto wa Kimasai, lililochapishwa mwaka 1996, lilionyesha kwamba waliokunywa maji yaliyokaa juani walipungukiwa na kuhara kuliko wale waliokunywa maji yaliyowekwa ndani ya nyumba. Lakini kwa dawa ya magugu, hapana, na sababu zipo mbili.

Ya kwanza ni plastiki yenyewe. Chupa ya soda huzuia karibu miale yote iliyo chini ya nanomita 320, yaani inazuia ile ile sehemu ambayo 2,4-D ingeweza kuifyonza. Bakteria huuawa na miale iliyobaki pamoja na joto. Dawa inapita salama. Ya pili ni kwamba hata pasipo chupa, saa sita za jua ni chembe ndogo ya zile wiki mbili nilizotaja. Maji ya chupa hiyo yatakuwa hayana kipindupindu, na dawa itakuwamo karibu yote.

Tena kuchemsha ni kubaya zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na dawa hubaki sufuriani.

Mpiga Mbizi wa Torino

Salaam kutoka kaskazini mwa Italia, ninakosoma. Ninaandika kwa sababu mada hii imegusa jirani zangu wa huku: bonde la mto Po, kuelekea Vercelli, ni majaruba matupu, na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Torino wametumia miaka mingi kujiuliza swali lile lile la Ndugu Jaruba. Jambo ninalotaka kuliongeza ni kwamba kuvunjika si kutoweka.

Mwaka 2007 Chiron, Minero na Vione walichapisha walichokikuta katika delta ya mto Rhône, kusini mwa Ufaransa, eneo la mpunga liitwalo Camargue. Humo hutumika dawa ya ukoo mmoja na 2,4-D. Walikuta majini 2,4-diklorofenoli, ambayo ni kipande kinachobaki dawa inapokatwa ubavu, na pamoja nayo wakakuta kitu kisichomo katika chupa yoyote ya dawa: fenoli hiyo hiyo ikiwa imebandikwa kikundi cha nitro. Kilitoka wapi? Nitreti na nitriti za majini, zikipigwa na jua, hutoa nitrojeni dioksidi, na hiyo hujibandika kwenye fenoli. Yaani mbolea na dawa, ambavyo mkulima aliviweka kwa siku tofauti na kwa sababu tofauti, vilikutanishwa majini na jua likawa kadhi wa ndoa hiyo. Viunganishi vya namna hiyo vya nitro kwa kawaida hukaa kuliko fenoli iliyovizaa, na baadhi yake si vitu vya kuchezea.

Diklorofenoli yenyewe ina hila nyingine. Ulimi wa mwanadamu huihisi ladha yake ya dawa ya hospitali hata ikiwa sehemu tatu za kumi za mikrogramu katika lita moja. Linganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa 2,4-D katika maji ya kunywa, ambao ni mikrogramu 30 kwa lita. Hivyo maji yanaweza kuwa ndani ya mwongozo wa dawa na bado yakakataliwa na mnywaji kwa sababu ya kipande chake. Na kinyume chake, 2,4-D nzima haionjeki kirahisi hivyo, kwa hiyo kukosa ladha hakuthibitishi kitu.

Mfano wa pili unafurahisha zaidi. Propanili, dawa nyingine ya mpunga, huvunjwa upesi na viumbe vya jarubani, ila huacha 3,4-dikloroanilini, ambayo ni sumu kuliko mama yake kwa viumbe vingi vya majini. Kazi ya kundi hilo la Torino iliyotoka 2018 ilionyesha kwamba hapo ndipo jua linapojipatia heshima: dikloroanilini hufyonza mwanga wa jua vizuri, huvunjwa nao moja kwa moja, na pia hupigwa na radikali ya kabonati, inayozaliwa pale haidroksili inapokutana na bikabonati ya maji. Radikali hiyo ni mvivu kwa dawa nyingi lakini inazipenda anilini, ukoo wa hiyo dikloroanilini. Nadhani maji yenu yanayopita kwenye miamba ya volkano yana bikabonati ya kutosha, kwa hiyo kama mtu huko anatumia propanili, jua lake linamsaidia katika hatua ya pili kuliko ya kwanza. Ajabu ya jambo hili ni kwamba bakteria na jua wamegawana kazi bila kuambiana.

Mzee wa Tuta

Marahaba mwanangu Fundi, sikukuitikia mwanzo kwa sababu nilikuwa na hasira. Nimekubali kwamba aliyekula dawa yangu ni wadudu wa udongo. Ila niulize la mkulima: kama siku tatu hazitoshi, na mpunga unahitaji zamu yake ya maji, kijana afanye nini? Asitoe maji mpaka mavuno?

Fundi wa Maji

Mzee, hapo ndipo penyewe. Ninaweza kumshauri mambo ambayo hayahitaji maabara.

La kwanza, asihesabu siku tangu alipopulizia, ahesabu tangu alipoyarudisha maji, kwa sababu 2,4-D iliyokauka juu ya majani na tope huoshwa na maji hayo na kuingia majini siku ile. Kosa la siku ya nne lilikuwa hapo: maji yalifunguliwa dawa iliyomo ikiwa karibu na kilele chake. La pili, lebo nyingi za dawa za mpunga hutaja muda wa kuyafungia maji jarubani, na kama ya kwake inautaja aufuate huo hata ukiwa mrefu kuliko anavyopenda. Pasipotajwa, ningeanza na wiki mbili, nikiwategemea bakteria na jua kwa pamoja wala si jua peke yake. Katika muda huo aongeze maji kidogo kidogo kufidia yanayonywewa na yanayopanda hewani, pasipo kuyaacha yapite upande wa pili, na azibe mashimo ya kaa kwenye matuta, kwa maana jaruba linalovuja halina siku ya kufungiwa. La tatu, Juni mpaka Agosti mnajua wenyewe mawingu ya mlima yanavyokaa. Mahesabu ya jua la Januari hayafai miezi hiyo.

Na kama anataka kuona kwa macho yake, ninapendekeza jaribio dogo. Achukue makarai mawili ya plastiki yanayofanana, ayajaze maji ya jaruba lililopuliziwa mpaka kina cha sentimita kumi, ayaweke mahali pa wazi. Moja aliache wazi, la pili alifunike kwa ubao. Asitumie chupa wala kioo cha dirisha, kwa sababu aliyoieleza Mwalimu kuhusu plastiki ni hiyo hiyo kwa kioo. Kila jioni arudishe maji yaliyopungua kwa kuongeza ya mvua mpaka alama aliyoweka, la sivyo karai la juani litakolea na kumdanganya. Siku ya 3, ya 7 na ya 14 achote kikombe kutoka kila karai amwagilie miche ya nyanya yenye majani mawili au matatu, pamoja na mche mmoja wa kumwagiliwa maji ya mvua tu. Nyanya huumizwa na 2,4-D kidogo sana, na majani yaliyojikunja hayahitaji mtafsiri. Karai lililofunikwa litamwonyesha kazi ya bakteria. Tofauti kati ya makarai mawili itamwonyesha kazi ya jua.

Ila aelewe mpaka wa jaribio hili. Mche uliosalimika unasema maji yanafaa kumwagilia nyanya. Hausemi chochote kuhusu kunywa, wala kuhusu vile vipande alivyovitaja ndugu yetu wa Torino. Kaya zinazoteka mferejini ziambiwe siku ya kupulizia kabla haijafika, ili wajaze ndoo mapema.

Mwalimu wa Kemia

Nirekebishe jambo moja katika jaribio la Fundi. Ubao usilalie moja kwa moja kwenye kingo za karai. Uinuliwe kwa vijiwe ili hewa ipite. Karai lililozibwa kabisa litapungukiwa oksijeni, bakteria wake watachoka, na utaipa jua sifa ambayo si yake.

Jaruba la Chini

Nimewaelewa wote, na ninawashukuru. Leo nimeotesha mbegu za nyanya kwenye makopo 14 ya maziwa: mawili kwa kila siku ya jaribio kwa kila karai, na mawili ya maji ya mvua. Jirani ndiye aliyenipa mbegu. Nilimweleza ninachotaka kufanya, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni karai gani litakalokaa wazi, kwa sababu anataka yeye mwenyewe ndiye awe analiongezea maji kila jioni. Nimemwambia sawa. Nitarudi hapa na majibu ya siku ya 14.